Sura ya Sita: Kutoka Mkuyuni na Watoto

Ukitaka kujua safari ya mijini ilimwingia vipi mtoto wa miaka saba, usimuulize aliona nini. Muulize alipanda nini. Ataanzia mbali: bajaji ya kwenda Nyegezi alfajiri, basi lenye viti vinavyolala, treni isiyotoa moshi, mwendokasi, pantoni, boti. Makumbusho uliyoihangaikia nusu siku nzima ataitaja mwishoni, na huenda akaitaja kwa sababu tu ndani yake kulikuwa na magari ya zamani. Sisi wazazi tunapanga safari kwa majengo na mandhari, watoto wanaisafiri kwa vyombo. Sura hii inawataka wazazi wawafuate watoto. Chora safari yako chombo kwa chombo, halafu majengo yajaze nafasi zinazobaki. Gharama itapungua, ugomvi utapungua, na mtoto ataujua mji kwa namna watu wake wanavyoamka, wanavyokwenda kazini na wanavyorudi nyumbani.

Naanzia Mkuyuni kwa sababu familia ya hapa ina vyombo vingi karibu yake kuliko inavyodhani. Ukitoka sokoni ukaelekea kaskazini, dakika chache tu uko mjini Mwanza, kwenye bandari ya meli za abiria. Ukielekea kusini kwa barabara hiyohiyo unapita Butimba na kufika stendi ya Nyegezi, yanakoanzia mabasi ya Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam. Mbele zaidi, Usagara, barabara inagawanyika, na mkono mmoja unakwenda Kigongo. Huko tangu Juni 2025 magari yanavuka ziwa kwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, mahali ambapo zamani ulipanga foleni ya kivuko na kununua mahindi ya kuchoma ukisubiri. Familia nyingi za Mkuyuni zinasema hazijawahi kutembea na watoto kwa sababu fedha za kwenda mbali hazijapatikana. Mimi naona kilichokosekana ni safari ya kwanza iliyo ndogo.

Safari hiyo iwe Saanane. Kisiwa kiko mbele ya macho yetu, kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, na boti kutoka upande wa Capri Point hufika kwa dakika chache. Watoto wataona swala, pimbi juu ya mawe na mamba, nao watafurahi. Wewe mzazi una kazi nyingine siku hiyo. Angalia nani anaogopa chombo kinapotikisika, nani anataka choo kila baada ya saa moja, nani akishikwa na njaa hukasirika kabla ya kusema ana njaa, nani akichoka hulala na nani akichoka hulia. Andika. Mambo haya huyajui hata kama unaishi nao, kwa sababu nyumbani choo kiko nyuma ya mlango na chakula kina saa yake. Ukiyajua Saanane, hutayagundua ukiwa Nzega saa saba mchana na basi linaondoka.

Baada ya Saanane, Bukoba kwa meli. MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961. Ikachakaa, ikasimama, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na nafasi ya abiria 1,200. Huondoka Mwanza usiku na kufika Bukoba asubuhi, ikipitia Kemondo, na kwa familia yenye watoto wadogo mpangilio huo ni neema: saa za safari ndizo saa za kulala. Kata daraja lenye vitanda kama mfuko unaruhusu. Mtoto aliyelala kitandani ndani ya meli anayoisikia ikinguruma chini yake hatalisahau jambo hilo, na Bukoba yenyewe, ufukwe wake, ndizi zake, hewa yake ya ubaridi, anaikuta akiwa amepumzika.

Kuhusu meli kuna jambo ambalo kila mzazi wa kanda hii analo moyoni, basi tuliseme. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu, na makaburi ya wengi wao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu kabisa na Ukara. Vyote viwili vilikuwa vimebeba kuliko uwezo wake. Siandiki haya ili mtu abaki nyumbani. Nayaandika ili mzazi ajue kwamba anayo haki, na wajibu, wa kushuka kwenye chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama tiketi imelipwa na ndugu wanasubiri ng'ambo.

Jaketi la kuokolea maisha nalo linapimwa kabla chombo hakijang'oa nanga. Mvalishe mtoto, funga kamba zote, mwambie anyooshe mikono juu, kisha shika jaketi mabegani ulivute kwenda juu. Likipanda hadi kufunika masikio, ni la mtu mzima na ndani ya maji litamtoka. Omba dogo. Boti nyingi zinayo ya watoto, ila yako chini ya rundo na hakuna anayeyatoa mpaka aulizwe. Dada mmoja niliyemwona akifanya hivi kwenye mwalo aliambiwa na nahodha, "Mama, mbona ni hapo tu, tunafika sasa hivi." Akamjibu kwa adabu, "Sawa kaka, basi na jaketi nalo ni la sasa hivi." Likatafutwa, likapatikana.

Sasa safari kubwa. Mkuyuni hadi baharini, kwa jinsi ninavyoipenda mimi, ina vipande vitatu: basi hadi Dodoma, treni ya SGR hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja. Wengi hupanda basi moja kwa moja mpaka Dar. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na mtu mzima mwenye shughuli anaweza kulala Nyegezi na kuamka Morogoro. Kwa watoto sikushauri. Hawaoni nchi, hawalali vizuri, na wanashushwa Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wakiwa hoi, na kutoka hapo mjini bado ni mbali. Ukikatisha Dodoma unalipia gesti na unapata watoto wazima kwa siku zote zinazofuata.

Kutoka Nyegezi hadi Dodoma ni karibu kilomita 700. Chukua basi la alfajiri. Na kila mtoto aliyeacha kubebwa mgongoni mkatie kiti chake. Najua desturi: mtoto wa miaka minne au mitano hupakatwa ili kuokoa nauli. Mpakate mtoto wa kilo kumi na saba kutoka Misungwi hadi Bahi, halafu uniambie kama ulichookoa kilistahili. Na kiti ukishakinunua ukitetee, maana njiani watapanda abiria.

"Mama, huyo mdogo mpakate, kuna mzee hapa anashuka Nzega."

"Kaka, huyu ana tiketi yake. Hii hapa."

Tiketi ya mtoto ikae mfukoni mwako, usiichimbie kwenye begi lililoko juu. Ukiitoa mara moja, bila kupandisha sauti, mazungumzo yameisha.

Kutapika ndiko kunakoharibu safari nyingi za watoto, na ni jambo linalopangika. Asubuhi mpe uji mwepesi au mkate mkavu. Maziwa na chapati za mafuta zisubiri. Kaa viti vya katikati, mbali na tairi za nyuma, mtoto aangalie mbele na si simu. Zamani kila mama alikuwa na mfuko wa rambo kwenye pochi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mifuko tuliyoizoea baada ya hapo hupitisha maji. Beba kindoo kidogo cha mfuniko, kile cha siagi au cha rangi kilichosafishwa vizuri, na kitambaa kilicholoweshwa. Mtoto akibadilika rangi mdomoni na kuanza kumeza mate, una dakika moja hivi. Kindoo kiwe miguuni.

Basi likisimama watu wakachimbe dawa, shuka na watoto wote, hata anayesema hana haja. Basi la mkoani halisimami kwa ajili ya mtu mmoja, na likisimama kwa ajili yake abiria hamsini watamtazama mtoto wako akitembea kurudi kitini, nalo ni jambo zito kwa mtoto wa miaka tisa.

Njia yenyewe si ya kuichoka ukiwapa watoto kitu cha kungojea. Baada ya Usagara waonyeshe upande wa Fela, Misungwi, inakopita reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliyoanza kujengwa mwaka 2021. Baada ya Igunga wangojee tambarare za Wembere, kisha mlima Sekenke, ambako basi hupanda kwa gia nzito na kila mtu akanyamaza kidogo. Singida wataona mawe makubwa yanayofanana na ya kwetu, wataona na maziwa, na watauliza kama hilo nalo ni Victoria. Kati ya Manyoni na Dodoma kazi ni kuhesabu mibuyu. Nimegundua kwamba mtoto mwenye zamu ya kutangaza mji unaofuata hasumbui. Mwachie kila mmoja mji wake: mmoja Shinyanga, mmoja Igunga, mmoja Singida. Aulize, aangalie mabango, atangaze.

Dodoma ipe siku moja kamili ya kutofanya mengi. Kama ni Juni, usiku kuna baridi, na masweta yawe juu kwenye begi. Zabibu zinunuliwe. Ukiwa na mtoto wa darasa la tano kwenda juu, ulizia mapema utaratibu wa kutembelea Bunge. Mkutano wa bajeti hufanyika kuanzia Aprili hadi Juni, kwa hiyo mwanzo wa likizo huangukia siku ambazo viti vimejaa na mtoto anawaona kwa macho watu anaowajua kwa televisheni. Wadogo hawatafaidi. Wao waache wacheze, kesho yake kuna treni.

Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na sidhani kama nchi hii imewahi kutengeneza kitu kinachowafaa watoto wasafiri kuliko hiki. Wanaweza kusimama. Wanaweza kutembea. Choo kipo ndani, wakati wowote. Njia ambayo basi huimaliza kwa siku nzima ya kazi, hii inaimaliza kwa takribani saa nne au chini yake. Nauli zilizotangazwa mwaka ilipoanza zilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima daraja la kawaida, nusu yake, 15,500, kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na bure kwa aliye chini ya miaka 4. Baba, mama, mtoto wa miaka kumi, mwingine wa miaka saba, na kitinda mimba wa miaka mitatu: jumla 93,000. Piga hesabu ya familia yako namna hiyo kabla ya kusema haiwezekani, ukiangalia nauli ya siku hiyo.

Tiketi kateni mtandaoni mapema, hasa siku za karibu na shule kufunga na kufunguliwa, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kwa sababu anayelipiwa nusu anaweza kuulizwa umri, na watoto wetu wengine wana miaka kumi na moja na kimo cha kidato cha pili. Fikeni stesheni saa mbili kabla. Ukaguzi wa mizigo ni kama wa uwanja wa ndege, na treni haimsubiri mtu aliyekwama getini na mtoto aliyekwenda kunywa maji. Samaki wabichi wa kupelekea ndugu waache. Dagaa wakavu waliofungwa wakafungwa tena watapokelewa vizuri zaidi Dar, na behewani hawatamkera jirani.

Treni ikishaondoka Stesheni ya Samia, waweke watoto dirishani wala usiwape simu. Kuna tambarare kavu, kisha milima ya Kilosa inakuja. Hapo treni inaingia kwenye mahandaki. Giza linashuka ghafla, masikio yanaziba, watoto wanapiga kelele, mwanga unarudi, na kabla hawajamaliza kucheka jingine limefika. Angalia mahali reli ya zamani inapoonekana. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928 wakati wa Waingereza. Mtoto wa miaka kumi anaweza kupewa hesabu: treni ikienda kilomita 160 kwa saa, kilomita moja inachukua muda gani? Jibu ni sekunde zisizofika 23. Atahesabu kwa sauti, atakosea, atarudia, na mabehewa mawili yatamsikia. Mwache.

Hapa niseme kidogo kuhusu Japani, kwa sababu wasomaji wanaopanga safari za mbali huitaja kuliko nchi nyingine yoyote ya Asia. Tokyo wengi wetu tuliitazama Septemba 2025, Alphonce Simbu alipoishinda marathoni ya dunia katika mita za mwisho kabisa na kuipa Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu ya mashindano hayo. Haisi za njia ya Mkuyuni zilitumika huko kabla ya kufika kwetu, na nyingine bado zina maandishi ya Kijapani ubavuni. Kinachoifanya miji ya Japani iwe rahisi kwa familia ni reli. Treni ya mwendo kasi ya Tokyo hadi Osaka ilianza tarehe 1 Oktoba 1964, na karibu kila mtaa wa mji mkubwa una stesheni ya kutembea kwa miguu. Nauli ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni nusu. Walio chini ya miaka 6 hupanda bure na wazazi wao, kawaida hadi wawili kwa kila mtu mzima. Stesheni kubwa zina makabati ya kukodi, familia inafungia mizigo humo asubuhi na kutembea mikono mitupu. Wazazi wazoefu hulala karibu na stesheni, hata kama chumba ni kidogo, kwa sababu mtoto akichoka wanataka kitanda kiwe jirani. Safari ya huko ina viza yake, ndege zake na gharama zake, nitaifikia kwenye sura za mwisho. Lakini hilo la kulala karibu na stesheni lichukue leo, ulitumie Dar es Salaam.

Maana Dar ndiko familia za Mwanza zinakopotezea siku. Tunafikia kwa ndugu, na ndugu yuko Chanika, au Mbagala ndani, au Goba. Upendo upo, chakula kipo, lakini kila asubuhi ni zaidi ya saa nzima barabarani na kila jioni vivyo hivyo, watoto wakiwa wamesimama kwenye joto. Fanya hivi: siku mbili za kwanza lala gesti au loji ya katikati, maeneo ya Kariakoo au Gerezani, karibu na Stesheni ya Magufuli mliposhukia. Ulizia mapema kama wanakubali watoto na kama chumba kina vitanda viwili. Tembeeni mji. Siku ya tatu ndiyo mwende kwa shangazi, mkae naye kwa utulivu, watoto wacheze na binamu zao, hakuna kukimbizana. Mjulishe shangazi mpango huu mapema, kwa simu, wewe mwenyewe.

"Shikamoo shangazi. Tutafika Jumanne, ila kwako tutakuja Alhamisi, tukae mpaka Jumapili."

"Marahaba mwanangu. Na hizo siku mbili mnalala wapi, kwani kwangu hamna nafasi?"

"Nafasi ipo shangazi, ila watoto nataka wauone mji kwanza, kisha tuje tutulie kwako."

Atanuna kidogo kisha atapika pilau. Akisikia kwa mtu mwingine kwamba mko mjini tangu Jumanne, hatapika.

Ndani ya Dar, chombo cha kwanza ni mwendokasi, uliopo tangu 2016. Upandeni kuanzia saa nne asubuhi, watu wa kazini wakishapita. Saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni msongamano unaweza kumtenganisha mtoto na mkono wa mama yake. Shukeni Kivukoni. Tazameni soko la samaki la Feri, na wachuuzi wa Mwaloni Kirumba wangefurahi kuona jinsi mtoto wa ziwa anavyokodolea macho pweza na kamba wakubwa. Kisha pandeni pantoni ya Kigamboni, kwenda na kurudi. Ni dakika chache majini katikati ya meli kubwa zinazoingia bandarini, na kwa nauli yake sijui burudani nyingine ya bei hiyo jijini. Kurudi, kama miguu bado ina nguvu, Makumbusho ya Taifa iko umbali wa kutembea kupitia kivuli cha bustani. Fuvu la Zinjanthropus, aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ni fahari yetu na mtoto aelezwe, lakini mpe na muda wa kutosha kwenye magari ya viongozi, likiwemo la Mwalimu Nyerere. Saa moja inatosha. Joto la Dar linamchosha mtoto aliyezoea upepo wa ziwa kuliko anavyoweza kusema, na mchana kuanzia saa saba hadi saa tisa ni wa kulala, hata kama ameapa kwamba hana usingizi.

Juni na Julai joto hilo hupungua, ndiyo sababu naipendelea likizo ya katikati ya mwaka kuliko ya Desemba, ambayo pia mabasi hujaa watu wanaokwenda kwao kula sikukuu. Lakini Juni ina dosari moja, nayo ni upepo wa kusi. Miezi ile bahari kati ya Dar na Unguja huchafuka, na boti ya saa mbili inaweza kuwa saa mbili za kutapika. Chukueni boti ya asubuhi, kaeni chini, katikati ya chombo, nyuma kidogo, na sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema mawimbi makubwa, ahirisheni. MV Skagit ilizama njia hiyo Julai 2012, bahari ikiwa chafu. Unguja itakuwepo kesho.

Mtoto wa Mkuyuni akifika ufukweni mwa bahari kwa mara ya kwanza anafanya jambo ambalo mtoto wa Morogoro halifanyi. Haogopi ukubwa wa maji, ameyazoea. Anainama, anachota kwa kiganja kama anavyochota ziwani, anaonja, kisha anageuka kukutazama kama mtu aliyedanganywa. Chumvi! Halafu jioni maji yameondoka. Mitumbwi iliyokuwa ikielea imelala ubavu kwenye mchanga, na wanawake wanatembea pale palipokuwa na kina. Ziwa letu halipwi wala halijai kwa namna ya kuonekana na macho, kwa hiyo kwake hii ni habari kubwa kuliko jengo lolote la kihistoria. Usimharakishe. Mpeleke mahali hapohapo asubuhi, mchana na jioni, aweke kijiti mchangani, arudi kukitafuta. Siku nzima ya Unguja ikiishia hapo, imetumika vizuri.

Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, unawafaa watoto kwa sababu vichochoro vyake havipitishi magari. Jihadharini na pikipiki tu. Forodhani jioni waacheni wachague wenyewe kati ya urojo na mishikaki, muulize bei kabla ya kula, na mvae nguo za heshima mnapotembea mitaani. Pandeni pia zile daladala za bodi la mbao, zilizo wazi pembeni, upepo ukipita. Wazazi wabebe vitambulisho vya taifa, watoto vyeti vya kuzaliwa. Mtoto wa ndugu mnayesafiri naye awe na barua ya serikali ya mtaa anakoishi, na namba ya simu ya mzazi wake iandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wake.

Kama fedha zinatosha kukata ndege mara moja tu, itumieni kurudi, si kwenda. Kwenda, watoto wana hamu na njia ni mpya kwao. Kurudi wamechoka, wameona vya kutosha, na basi la Nyegezi linakuwa adhabu. Dar hadi Mwanza kwa ndege ni kama saa moja na nusu, na aliye chini ya miaka miwili hupakatwa kwa nauli ndogo. Mkirudi kwa nchi kavu, laleni tena Dodoma.

Fikeni nyumbani siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, walale, nguo zifuliwe, sare zijaribiwe maana mtoto amerefuka likizoni. Na kwa wiki mbili tatu baada ya hapo, homa yoyote ipelekwe kituo cha afya ikapimwe malaria siku hiyohiyo, na mhudumu aambiwe mtoto alilala miji gani.